Mwanafunzi mwenye selimundu bwenini: mwongozo kwa mwalimu wa malezi

Nimemaliza mwaka nikimsaidia binti wa kidato cha pili mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Alifika kwangu akiwa ameshaitwa mvivu na mwongo.

Hatua ya 1. Zungumza naye faragha. Ofisi ya walimu si faragha.

Hatua ya 2. Pima maumivu kwa anachoweza kufanya. Hapa nilipoteza muhula mzima. Nilikuwa namuuliza, "Sifuri mpaka kumi, unaumwa kiasi gani?" Anajibu nane, naye ametulia, pengine anacheka na wenzake. Nikamshuku. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, nikilia kila ninapoumwa, nitanyamaza lini?"

Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mfupa unauma vikali, na kwa nje mara nyingi huoni kitu. Mtoto aliyezaliwa na hali hii ameshajifunza kuyabeba maumivu, kwa hiyo uso wake usiutumie kama kipimo. Sasa nauliza: Unaweza kutembea mpaka bwenini? Kushika kalamu? Jana ulilala?

Majibu anaandika mwenyewe kwenye daftari: tarehe, panapouma, alichokuwa akifanya, dawa alizomeza. Nasisitiza daftari la karatasi, maana simu shuleni haziruhusiwi na daftari ataenda nalo kliniki. Likae kwake, lisifike kamwe kwa mwalimu wa nidhamu. Aandike mara moja tu, jioni. Kumuuliza kila saa kunamfanya ayasikilize maumivu siku nzima. Baada ya majuma matatu tuliona wenyewe: maumivu yalifuata mchakamchaka wa alfajiri na kuoga maji ya baridi.

Hatua ya 3. Omba vibali, kwa ridhaa yake. Kutokimbia mchakamchaka, sweta hata kama si la sare, chupa ya maji darasani, na kwenda chooni bila kuomba. Walimu hubishia hili la choo. Waeleze kwamba selimundu huharibu uwezo wa figo kubakiza maji mwilini, hivyo anakunywa sana na kukojoa sana. Wengine hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Zungumza na matroni kimya kimya kuhusu godoro, wenzake wasijue.

Hatua ya 4. Akitoka hospitali, aanze na vipindi viwili vitatu, kisha aongeze. Rafiki mmoja amnakilie notisi.

Hatua ya 5. Yasiyosubiri asubuhi. Homa ya 38.5 au zaidi, kifua kuuma, kupumua kwa shida, kulegea upande mmoja wa mwili, kuongea kwa shida: hospitali usiku huohuo, usimpe panado ukangoja. Kwa mvulana, ongeza uume kusimama kwa maumivu bila kulala. Wengi huficha hilo kwa aibu, kwa hiyo mweleze mapema, na mtajie mwalimu wa kiume ambaye yeye anaweza kwenda kumgongea mlango saa nane za usiku.