Andaa visa vyako, majibu yatajitunga

Mara ya kwanza kuitwa kwenye usaili niliambiwa, "Tueleze kuhusu wewe," nikaanzia shule ya msingi. Nilipofika darasa la saba, mama mmoja pale mezani alikuwa ameshaangalia saa mara mbili. Kazi sikuipata, na sikuonewa. Siku hizi ni mtunza stoo kwenye duka la jumla Tabata, na kila tukitafuta msaidizi bosi huniita nikae kando yake nisikilize. Meza ile nimeshaikalia pande zote mbili.

Anza na tangazo la kazi. Linakili kwa mkono kwenye daftari, kila jukumu kwenye mstari wake, na chini yake acha nafasi. Likisema "kupokea na kutunza bidhaa", jaza hapo siku moja uliyopokea bidhaa kweli: ilikuwa wapi, mzigo kiasi gani, nini kilikwenda kombo, ukafanya nini. Usijaze "nina uwezo mkubwa wa kupokea bidhaa". Hiyo kila aliyekaa kwenye benchi pale nje anayo. Visa vitano vinatosha, kwa sababu kisa kimoja kizuri hujibu maswali matatu.

Changu ninachokitegemea ni hiki. Desemba moja tulihesabu stoo, katoni 14 za sabuni hazikuonekana. Leja inasema zipo, rafu tupu. Nikarudi nyuma karatasi kwa karatasi hadi nikakumbuka: jioni moja gari lilikuwa linapiga honi nje, nikaruhusu mzigo utoke, nikasema nitaandika kesho. Kesho nikasahau. Tangu siku ile kwangu hakitoki kitu kabla dereva hajasaini, apige honi hadi betri iishe. Kisa hicho kinajibu "udhaifu wako ni upi", kinajibu "tuambie kosa ulilowahi kufanya", na kinajibu "ukibanwa na kazi unafanyaje". Anayesema udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi, bosi wangu huanza kuangalia dari.

Na wewe uliyemaliza chuo juzi, usiniambie huna kisa. Alikuja kijana mmoja, kila swali anajibu "sina uzoefu". Nikamuuliza likizo alikuwa anafanya nini. Kumbe mama yake ananunua mahindi soko la Kibaigwa, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika magunia kwenye daftari, nani kalipa, nani anadaiwa. Akatueleza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inavyomuumiza mkulima, na jinsi anavyochoma gunia kwa bambo, kile kifaa cha kuchotea nafaka kidogo, kuangalia kama mahindi yana wadudu kabla hajakubali kuyapokea. Kupokea, kukagua, kuandika: hiyo ndiyo stoo yenyewe! Alikuwa nayo miaka yote ila hakudhani inahesabika. Tulimchukua.

Ukishaandika, sema kwa sauti. Kichwani kila jibu ni tamu. Mdomoni ndipo linapokwama. Mwambie mdogo wako akuulize bila mpangilio huku unaosha vyombo, na "tueleze kuhusu wewe" uipime kwa simu, isizidi dakika mbili: sasa unafanya nini, kabla ya hapo ulifanya nini kinachohusiana na kazi hii, na kwa nini umekuja kwao. Usikariri neno kwa neno. Aliyekariri akikatizwa katikati hurudi mwanzo, kama mtoto anayeghani shairi. Kama tangazo limeandikwa Kiingereza, visa vyako vieleze pia kwa Kiingereza, maana lugha hubadilishwa ghafla.

Kwa nini uliacha kazi? Sentensi moja, ya kweli, bila kumsema bosi wa zamani. Songa mbele.

Mshahara nenda umeshaupigia hesabu, maana wengi hutaja namba wanayotaka kuishika mkononi, kumbe mwajiri anaandika ya kabla ya makato. Tuseme 500,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 50,000. Kwenye 450,000 inayobaki, 270,000 ya kwanza haitozwi kodi, na ile 180,000 nyingine kwa viwango ninavyokatwa mimi inatozwa asilimia 8, yaani 14,400. Unabaki na 435,600. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, toa tena asilimia 15 ya mshahara, 75,000, ubaki na 360,600. Sasa ondoa kodi ya chumba na nauli ya daladala, ndipo utaje namba yako bila kubabaika.

Mwishoni watakuuliza, "Una swali lolote?" Usiseme huna. Uliza kitu kitakachokugusa ukiipata kazi. Mimi niliuliza, "Stoo mnaihesabu kila baada ya muda gani, na nani atanikabidhi?" Sikuwa naringa. Mtunza stoo akisaini kabla ya kuhesabu, upotevu wa mwenzake unakuwa deni lake. Bosi alicheka, akamtazama mhasibu. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ameondoka bila kumkabidhi mtu yeyote. Jumatatu iliyofuata tulianza kuhesabu, tukamaliza Alhamisi, ndipo nikasaini.