Jinsi ya kusoma hadithi za miungu wa kale ukajua zilikuwa na kazi gani

Ukizisoma hadithi za miungu wa kale kama stori za kupitisha muda utachoka mapema, mara mungu kameza watoto wake, mara mwingine kakatwakatwa vipande, mara binti kageuka mti, unafunga kitabu unasema hawa watu nao walikuwa na mambo. Shida iko kwenye swali tunaloanza nalo. Tunauliza "hivi waliamini kweli haya?" wakati swali lenye faida ni hadithi hii ilikuwa inafanya kazi gani pale ilipokuwa inasimuliwa, nani alikuwa anaisema, siku gani, na nani alikuwa anafaidika nayo.

Kwanza chukua hadithi moja tu. Achana na zile orodha za huyu mungu wa bahari, yule wa vita, zinakupa majina ya kukariri basi, na zenyewe zinapotosha kidogo maana mungu yuleyule mji huu anashughulika na hiki na mji wa pili anashughulika na kingine kabisa. Isome mpaka mwisho halafu ndo uanze kuichokonoa.

Anza na siku yake. Mfano mzuri ni Enuma Elish, hadithi ya Babeli ya kale, iliyoandikwa kwenye vibao 7 vya udongo, inayosimulia mungu Marduk alivyomuua Tiamat, mungu wa kike wa bahari, akampasua mara mbili, nusu ikawa mbingu na nusu ikawa dunia. Ukiishia hapo utasema ni hadithi ya uumbaji, sawa, lakini angalia ilisomwa lini: kwenye sikukuu ya mwaka mpya, Akitu, siku ya nne, kuhani anaisoma mbele ya sanamu ya Marduk mwenyewe hekaluni. Na siku inayofuata mfalme anaingizwa humohumo, anavuliwa alama zake za ufalme, kuhani anamzaba kofi, anamvuta masikio, anampigisha magoti mfalme anaapa kwamba hakuipuuza Babeli wala hekalu lake, ndo anarudishiwa vitu vyake, kisha anapigwa kofi jingine na machozi yakimtoka ni dalili njema kwamba Marduk karidhika. Sasa hapo hadithi imebadilika sura. Ulimwengu unatengenezwa upya kwa maneno na ufalme unatengenezwa upya kwa kofi, vyote ndani ya sikukuu moja.

Kinachofuata, uliza nani anapata cheo. Marduk zamani alikuwa mungu wa mji usio na jina kubwa, Babeli ilivyopanda kisiasa na yeye akapanda, mpaka kwenye hiyo Enuma Elish miungu wote wanakaa kikao wanampa ufalme na majina 50. Kuna vesheni ya Waashuru ambayo shujaa si Marduk tena, ni Ashur, mungu wao! Hadithi ileile, bosi mwingine. Roma nako hivyohivyo, ukoo wa Julius Caesar ulidai unatokana na Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kupitia kwa mwanawe Aeneas, shujaa aliyekimbia kutoka Troya, na Japani mwaka 712 ikaandikwa Kojiki inayounganisha ukoo wa mfalme na Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Usikimbilie kusema basi ni propaganda tupu ya wakubwa, wengi wanaishia hapo wakidhani wameshaelewa, lakini hadithi ya kumpa mtu cheo ilishika kwa sababu watu walikuwa wameshazoea kuuona ulimwengu kwa njia hiyo, na yule mfalme wa makofi anakuonyesha kwamba hadithi ilimbana mkubwa pia.

Halafu tafuta tendo la kawaida ambalo hadithi inalielezea. Hii naipenda kuliko zote. Wagiriki walikuwa wakichinja mnyama wa sadaka wanawachomea miungu mifupa na mafuta, nyama wanakula wao, na ukifikiria vizuri hiyo ni aibu kidogo, unamkaribisha mgeni unampa mifupa. Hesiod, mshairi wa kama mwaka 700 KK, anasimulia Prometheus, mjanja wa jamii ya miungu aliyewapendelea watu, alivyoificha mifupa chini ya mafuta yanayong'aa na nyama nzuri akaifunika kwa tumbo la ng'ombe, Zeus mfalme wa miungu akachagua fungu la mafuta, na tangu hapo mgao ukabaki hivyo, ila Zeus kwa hasira akawanyima watu moto. Kila aliyekaa kwenye karamu ya sadaka alikuwa anakula nyama ndani ya hadithi hiyo. Watu wa Babeli nao walisema binadamu tuliumbwa kwa damu ya mungu aliyeuawa, Kingu, ili tufanye kazi na miungu wapumzike, ndo ukaelewa kwa nini hekaluni sanamu zilikuwa zinatengewa chakula kila siku.

Usisahau mahali. Mwaka 1978 mafundi wa umeme walikuwa wanachimba katikati ya jiji la Mexico wakagonga jiwe kubwa la duara, upana zaidi ya mita 3, limechongwa mwanamke aliyekatwa kichwa, mikono na miguu. Huyo ni Coyolxauhqui, ambaye Waazteki, waliotawala hapo zamani, walisimulia kwamba alitaka kumuua mama yake pale Mlima wa Nyoka, na mdogo wake Huitzilopochtli akazaliwa hapohapo akiwa na silaha, akamkatakata na kumporomosha mlimani. Lile jiwe lilikuwa chini ya ngazi za hekalu kuu, upande wa Huitzilopochtli, na hekalu lenyewe lina vichwa vya nyoka chini, yaani jengo zima ni ule mlima. Mateka waliotolewa sadaka juu, miili yao iliporomoshwa kwenye hizo ngazi kuelekea kwa Coyolxauhqui. Kwenye karatasi peke yake hilo huwezi kuliona, kwa hiyo ukipata hadithi tafuta na ramani ya hekalu lake.

Ishu ya nani aliandika ipitie haraka ila usiiruke. Mengi tunayojua ya Odin na Thor, miungu wa kale wa Skandinavia, yametoka kwa Snorri Sturluson, Mkristo, aliyeandika kama mwaka 1220 wakati Iceland ilishaingia Ukristo tangu kama mwaka 1000. Kisa cha Osiris, mungu wa Misri aliyeuawa akawa mtawala wa wafu, kikiwa kimenyooka kuanzia mwanzo mpaka mwisho tunakipata kwa Plutarch, Mgiriki, wakati Wamisri wenyewe walikuwa wanakitaja vipandevipande tu kwenye kuta za piramidi tangu zaidi ya miaka 2000 kabla yake. Mwenyeji hasimuliwi anachokijua.

Na ukikuta vesheni mbili usihangaike kutafuta ipi ndo yenyewe, zishindanishe kazi. Gharika ya Mesopotamia, nchi ya kale ambamo Babeli ilikuwemo, iko kwenye utenzi wa Atrahasis na iko kwenye kibao cha 11 cha utenzi wa Gilgamesh. Kwenye Atrahasis miungu wanachoshwa na kelele za watu, wanaleta maji, na baadaye wanakubaliana idadi ipunguzwe, wawepo wanawake wasiozaa na awepo pepo wa kunyakua watoto wachanga, kwa hiyo ni hadithi inayobeba misiba ya nyumbani kabisa. Kwenye Gilgamesh gharika ileile inasimuliwa na mzee aliyepona akapewa uzima wa milele, akimwambia Gilgamesh, mfalme anayeogopa kufa, kwamba bahati hiyo haitarudi.

Ukitaka pa kuanzia, chukua ule utenzi wa Kigiriki wa Demeter, mungu wa kike wa mazao, hauzidi mistari 500, unaumaliza jioni moja. Utaambiwa na wengi ni maelezo ya misimu tu, binti katekwa kuzimu, mama kagoma, mazao hayaoti, binti karudi, mazao yameota. We soma mpaka mwishoni ambapo Demeter anawafundisha watu wa Eleusis, mji karibu na Athens, ibada zake za siri na walioingizwa humo wanaahidiwa hali nzuri zaidi wakishakufa, halafu rudi mwanzo ukiwa na hilo kichwani.