Seva imegoma baada ya kuapgredi Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe kwa seva) 7 kwenda 8? Anzia hapa

Kwanza usiizimezime ovyo na usikimbilie kuinstoli upya, mara nyingi data yako bado iko sawa. Chomeka skrini na kibodi kwa seva yenyewe, hata kama ni ile ya mtumba ulitoa Luthuli, Nairobi, uone imekwama wapi.

Ikiwaka poa lakini mtandao hakuna, hiyo ndio shida ya kawaida, juu kerneli mpya (kiini cha mfumo) inaweza kubadilisha jina la kadi ya mtandao, kwa mfano eno1 inakuwa kitu kingine kabisa na vmbr0 (daraja la mtandao la Proxmox) inabaki ikitafuta jina la zamani. Andika ip link, ona jina jipya, lirekebishe kila mahali ndani ya /etc/network/interfaces, alafu ifreload -a.

Ikikataa kuwaka, kwa menyu ya GRUB (ile inatokea seva ikianza kuwaka) ingia Advanced options uchague kerneli ya zamani.

Stima ilipotea katikati ya kuapgredi? Endesha dpkg --configure -a, kisha apt update na apt dist-upgrade imalizie.

Na tafadhali, kama una seva ingine bado iko 7, kabla hujaigusa fanya bakap nje ya hiyo seva, alafu endesha pve7to8 --full (skripti ya kukagua kama iko tayari kwa 8), usome kila onyo.