Kompyuta ya studio uiwekee antivairasi gani? Majibu kutoka Mwanga, Kigoma

Hili swali naulizwa karibu kila wiki na madogo wanaofungua studio za chumbani hapa Mwanga na kule Gungu, "kaka niweke antivairasi gani isiyozingua FL?" (FL ni FL Studio, programu ya kutengenezea muziki). Na wengi wakija kuuliza tayari wameshaifuta waliyokuwa nayo kwasababu kuna mtu kawaambia inakula RAM, au wanazo mbili kwenye mashine moja zinapigana zenyewe kwa zenyewe na mashine inatambaa kama treni ya mizigo.

Jibu langu: kama unatumia Windows 10 au 11, baki na Microsoft Defender, ile iliyokuja na Windows yenyewe, haina malipo wala haikurushii matangazo katikati ya kazi, na ile hela uliyotaka kununulia antivairasi kanunulie hadi diski (hard disk) ya nje. Ila kuiacha ilivyo haitoshi, inabidi uipange, na hapo ndo watu wanapokosea.

Elewa kwanza kwanini studio ni tofauti na stationari. Antivairasi inakaa mlangoni, kila faili likitaka kufunguliwa linakaguliwa kwanza. Mtu wa Word anafungua faili moja anachapa barua nusu saa, hana habari. Wewe ukifungua projekti yenye Kontakt (programu ya kupiga vyombo vilivyorekodiwa) au ngoma za sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) unaita mafaili mamia kwa mpigo, na mengine yanaendelea kusomwa kwenye diski huku wimbo unacheza. Na muda wenyewe hamna, ukiweka bafa (kipande cha sauti kinachoandaliwa kwa mpigo) ya sampuli 128 kwenye kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde, kompyuta ina kama milisekunde 2.9 tu ya kuandaa kipande kinachofuata, ukiweka 512 inapata kama 11.6, ikichelewa hapo ndo unasikia zile tiki tiki kwenye vokoo (sauti ya mwimbaji). Nilishawahi kuwa na kwaya ya watu kama ishirini chumbani, joto, feni nimezima isiingie kwenye maiki, wako kiitikio cha mwisho kabisa, skani ikajianzisha yenyewe. Tulirudia mara tatu, na mwalimu wa kwaya alikuwa ananiangalia kama mimi ndo nimekosea.

Kwahiyo cha kwanza ni kuiambia Defender folda gani isizisumbue. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", shuka mpaka "Manage settings", chini kabisa kuna "Exclusions", hapo unaongeza folda. Weka folda ya sampo zako na folda ya projekti, basi. Wengine wanaweka diski C nzima, huyo ni sawa na aliyeajiri mlinzi akamwambia asiangalie getini. Usiweke Downloads, usiweke Desktop, usiweke herufi ya flashi. Na hakikisha folda uliyoisamehe hudanlodi kitu moja kwa moja ndani yake, sampo zipitie Downloads kwanza zikaguliwe, ukishazifungua zip yake ndo uzihamishe.

Kuna sehemu pia ya kusamehe programu nzima, yaani unaandika FL64.exe na kila faili ambalo FL inafungua halikaguliwi. Inasaidia kweli kasi, lakini mimi siipendi, kwasababu plagini (programu ndogo ya kuongezea, ya vyombo au ya kurekebisha sauti) inafanya kazi ndani ya FL kwa jina la FL, kwahiyo plagini moja ya ovyo inapata msamaha uleule. Kama plagini zako zote umezipata kwa wenyewe waliozitengeneza, sawa, weka. Kama una hata moja ya kupewa na mshkaji, acha.

Alafu skani ya kujianzisha. Andika Task Scheduler kwenye kutafuta, fuata Microsoft, Windows, Windows Defender, utaona "Windows Defender Scheduled Scan", mpe siku na saa ambayo huna mteja. Mimi nimeweka Jumatatu saa nne asubuhi maana wanamuziki hawaamki saa nne. Ukitaka isitumie nguvu nyingi ikiwa inaskani, fungua PowerShell kama msimamizi uandike Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20, kawaida yake huwa 50.

Ila kabla hujailaumu antivairasi, pima. Kuna programu ya bure inaitwa LatencyMon, iwashe iache dakika kumi huku unapiga biti, itakuonesha drayva gani (programu inayoendesha kifaa) inachelewesha sauti. Mara nyingi mimi nakuta ni drayva ya Wi-Fi, au laptopu iko kwenye hali ya kutunza betri, au mtu anatumia saundi kadi ya ndani bila drayva ya ASIO (ya kupitisha sauti bila kuchelewa). Zima Wi-Fi wakati wa kurekodi, weka umeme kwenye "High performance", panga bafa. Nusu ya waliokuja kwangu wakisema antivairasi inakwamisha, tatizo liliisha hapo, na antivairasi hatukuigusa.

Sasa virusi vyenyewe vinaingilia wapi? Studio za huku ni milango miwili, flashi na kreki (programu za kulipia zilizovunjwa leseni).

Flashi kwanza. Hapa tuko mwisho wa reli na ziwani, flashi inaweza kuwa imetoka Kalemie kule Kongo au Bujumbura, ikashuka na boti Kibirizi, ikapita stationari mbili, ndo inafika kwako na biti ndani. Huwezi kumwambia mwalimu wa kwaya mbele ya wanakwaya wake, au ustadhi aliyeleta vijana wa kaswida kutoka Ujiji, kwamba shehe flashi yako ina virusi. Unaipokea kwa heshima zote, unaichomeka, HUIFUNGUI, unabonyeza kitufe cha kulia juu ya herufi yake unachagua "Scan with Microsoft Defender", unasubiri huku mnapiga stori. Na kwenye File Explorer washa kuonesha mikia ya majina ya mafaili, "File name extensions", maana kuna faili linajiita vokoo.wav kumbe jina lake kamili ni vokoo.wav.exe. Ukikuta folda zote zimegeuka vishale vya shotikati usivibonyeze, na usiiformati, vitu vya mteja mara nyingi vipo ila vimefichwa. Skani, alafu fungua Command Prompt andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako), vitatokea. Hapo ukinakili wav zake (mafaili ya sauti) tu na hizo shotikati ukafuta, mteja anaondoka hajajua kitu.

Ukipeleka wimbo nje, redioni au stationari, tumia kadi ya SD yenye kile kilimi cha kufungia pembeni, ukikisukuma upande wa "lock" kompyuta nyingi za watu haziandiki kitu juu yake (inategemea kisomaji cha kadi kinakitii), wanachukua wimbo tu.

Mlango wa pili ni kreki, na hapa naongea kama mtu aliyeungua. Kila kreki inakuja na maelezo yaleyale, "zima antivairasi kwanza", na tumezoea mpaka hatuoni kama ni ajabu. Ni sawa na mgeni kukwambia mfunge mbwa kwanza ndo niingie. Nilizima, nikainstoli plagini ya kusahihisha sauti, ikafanya kazi vizuri tu siku hiyo. Kesho yake kila faili lina mkia wa herufi nne nisiouelewa na kila folda ina karatasi inaitwa _readme.txt, wanataka dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya masaa 72. Baadae nilijua hiyo inaitwa STOP, wengine wanaiita Djvu, ni ransomweya (virusi vinavyofunga mafaili na kudai hela) ambayo imesambaa sana kupitia kreki na kijini (keygen, programu ya kutengeneza namba za leseni za wizi), inawapiga watu wa kawaida kama sisi na sio mabenki.

Sikulipa, sikuwa nazo. Lakini nataka niwape hiki maana watu wanaformati haraka wanapoteza kazi. Hiyo STOP haifungi faili zima, inafunga mwanzo wake tu, kama kilobaiti 150 hivi. Piga hesabu, wav ya mono ya biti 24 (24-bit) kwa 44100 inakula kama kilobaiti 132 kwa sekunde, maana yake kilichoharibika ni sekunde moja na kidogo ya mwanzo, na mara nyingi hiyo sekunde ni kimya tu mwimbaji anavuta pumzi. Kwahiyo: kwanza hakikisha virusi vimeondoka (Defender ina "Offline scan", inajizima na kujiwasha inaskani kabla Windows haijaamka), nakili faili pembeni, fungua Audacity ambayo ni ya bure, nenda File, Import, Raw Data, mwambie 24-bit, mono, 44100, little-endian. Ukisikia kelele tupu kama mvua juu ya bati, rudia na ubadilishe pale penye "offset", badala ya 0 uweke 1, ikikataa weka 2, kwa biti 24 mojawapo ya hizo tatu itakubali. Niliokoa karibu vokoo zote za albamu nzima ya kwaya kwa njia hiyo. Projekti za FL ndo zilikufa, faili la .flp ni dogo, kilobaiti 150 zinaweza kuwa ndo faili lote, kwahiyo miksi nilianza upya na mistari ya besi nikaipiga tena kwa kukumbuka.

Wakati huohuo vitu halali vya bure vipo na ni vikali. Vital ni sinthi (plagini ya kutengeneza sauti za vyombo) nzuri kuliko nyingi za kulipia, Surge XT nayo ni sinthi ya bure, Reaper, programu ya kurekodi, unaijaribu siku 60 na leseni ndogo ni dola 60, FL ukinunua mara moja apdeti zake ni bure maisha yote. Ile ya majaribio ya FL nayo inafanya kazi, ila ukisevu projekti hutaweza kuifungua tena mpaka ununue, kwahiyo toa wav za kila treki kabla hujazima.

Plagini halali nayo kuna siku italalamikiwa, hasa za watengenezaji wadogo. Usikimbilie "Allow". Ipeleke kwenye tovuti ya VirusTotal, inakaguliwa na antivairasi nyingi kwa wakati mmoja, faili lisizidi MB 650. Zikilalamika mbili tatu zisizojulikana inawezekana ni uoga tu, zikilalamika arobaini futa. Usipandishe huko wimbo ambao haujatoka, unachopandisha watu wengine wa usalama wanaweza kukiona.

Ile hadi diski niliyosema mwanzo, chomeka ukimaliza kazi, nakili, CHOMOA. Ikikaa imechomekwa ransomweya inaifunga nayo. Kwaya ya treki 20 ya dakika tano ni kama MB 800, kwahiyo diski ya terabaiti moja inakubeba muda mrefu, na Google Drive ya bure ya GB 15 tunzia walau zile flp, ni nyepesi hata bando halisikii.

Ukitaka kulipia bado, sawa, ni hela yako. Tazama vitu vitatu: iwe na hali ya mchezo ya kunyamaza wakati programu imejaza skrini (ESET wanaiita gamer mode), ikuruhusu kusamehe folda, na isikubebeshe VPN na wasafishaji ambao hukuwaomba. AV-Comparatives wa Austria wanapima mpaka ni ipi inapunguza kasi ya mashine, kasome kabla ya kununua. Ukishaiweka, Defender inajikalisha pembeni yenyewe, usiilazimishe ziende pamoja. Za bure zaidi ya Defender siwapendekezei, matangazo mengi, na Avast mwaka 2024 walitakiwa na FTC, tume ya biashara ya Marekani, kulipa dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za watu walichokuwa wanatazama mtandaoni.

Wenye mashine za zamani, zile zenye prosesa ya i5 ya kizazi cha nne zinazouzwa yuzidi, Windows 11 haizikubali, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wamesema orodha ya virusi ya Defender itaendelea kuletwa mpaka Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe ndo hayazibwi bila ule mpango wa nyongeza wa Microsoft wa kuendelea kupata apdeti za usalama. Mashine kama hiyo mimi naitoa kabisa intaneti, inabaki ya kurekodi tu. Orodha ya virusi naipeleka kwa mkono: unadanlodi faili linaitwa mpam-fe.exe kwenye tovuti ya Microsoft kwa kompyuta nyingine, unachukua la biti 64 (64-bit), unalibeba na ile kadi yenye kilimi, unalibonyeza mara mbili. Halioneshi chochote likimaliza, usidhani limegoma, rudi kwenye "Protection updates" utazame tarehe kama imebadilika.