Ethi ya gari la zamani: taa zikififia, anza hapa

Land Rover au Peugeot 504 iliyokaa miaka Kigoma, kati ya vumbi jekundu na unyevu wa ziwa, huota kutu kwenye viungo vya ethi (waya zinazorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi na injini). Dalili: taa hafifu, starta inavuta kivivu, geji ya mafuta inapanda ukiwasha indiketa. Kebo ya choki ikipata moto unapopiga starta, waya wa injini kwenda chesisi umekufa. Umeme unarudi kupitia kebo hiyo, na unaweza kuiunguza.

Usinunue betri kabla ya kupima. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye bloku ya injini, nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (si kwenye kishikio cha waya), kisha mwenzako apige starta. Ikizidi volti 0.3, kuna kiungo kibovu. Baadhi ya Land Rover za kale zina ethi chanya (nguzo chanya ya betri ndiyo imefungwa bodini), kwa hiyo hakiki kwanza.

Fungua waya za betri, ukianza na upande wa ethi. Unga wa kijani au mweupe uoshe kwa maji ya magadi, ukaushe. Piga msasa kishikio na chuma cha bodi hadi king'ae. Rangi haipitishi umeme, na mafundi wengi hukosea hapo. Rudisha kwa washa (kipete cha chuma cha chini ya nati) yenye meno, kaza, halafu ndipo upake grisi kwa juu. Waya uliovimba chini ya plastiki badilisha tu.