Kempton Desemba 26: hatua za kuchambua King George na kuchagua farasi wa kuwania

Siku moja baada ya Krismasi, Uingereza na Ireland huwa na mbio za farasi za kuruka katika viwanja kadhaa kwa wakati mmoja. Ukijaribu kuchambua vyote utachoka kabla ya mbio ya kwanza. Mwongozo huu unashika kiwanja kimoja, Kempton Park, kusini-magharibi mwa London, na mbio moja juu ya zote: King George VI Chase, mbio ya Daraja la 1 iliyoanza mwaka 1937 na kuhamishiwa Desemba 26 mwaka 1947.

Wengi huanza kwa kuuliza farasi gani ni bora. Swali hilo liweke kando kwanza. Uliza mbio yenyewe itakimbiwa vipi, nani atashika usukani na nani atamsumbua. Hatua zote hapa chini zinaelekea kwenye jibu hilo.

Hatua ya 1: Kijue kiwanja kabla ya kutazama majina

King George ni ya maili 3, takriban mita 4,800, yenye vizuizi 18. Farasi huzunguka kwa mkono wa kulia kwenye njia tambarare yenye umbo la pembetatu, na vizuizi 3 vya mwisho viko kwenye mnyoosho wa kumalizia. Hakuna mlima wa mwisho kama ule wa kiwanja cha Cheltenham. Kinachowamaliza farasi Kempton ni kasi: vizuizi vinakuja huku kundi likiwa mbioni, na anayesitasita kabla ya kuruka hupoteza nafasi asiyoipata tena bila kutumia nguvu za ziada.

Waliozoea mbio za Ngong, Nairobi, ambako farasi hukimbia bila kuruka, huelekeza macho kwenye mita mia chache za mwisho. Hapa namna ya kuruka ndiyo inayoamua nani atazifikia mita hizo akiwa bado na pumzi.

Gawa rekodi ya kila farasi mafungu mawili, ya kulia na ya kushoto. Ascot, Sandown, Punchestown na Down Royal huzunguka kulia. Haydock, Wetherby, Cheltenham, Aintree na Leopardstown huzunguka kushoto. Kisha soma maelezo ya mbio zake ukitafuta sehemu inayosema aliruka akipinda kushoto. Farasi wa namna hiyo akija Kempton anatupwa nje ya njia kila anaporuka, na vizuizi 18 ni vingi mno kwa kosa dogo linalojirudia. Desert Orchid ni mfano wa upande wa pili: alipenda sana kuzunguka kulia, akachukua King George mara 4 (1986, 1988, 1989 na 1990).

Angalia pia kama ana mbio za kasi miguuni. Kauto Star, mwenye rekodi ya ushindi mara 5, alishinda Tingle Creek ya maili 2 pale Sandown mwanzoni mwa Desemba 2006, na mwezi huohuo akashinda King George yake ya kwanza. Farasi mwenye ushahidi wa maili 2 na nusu usimtupe kwa sababu tu hajawahi kushinda maili 3. Anayehitaji tope na umbali mrefu ndipo apate nafasi, huyo ndiye wa kutiliwa shaka.

Hatua ya 2: Soma mstari wa fomu

Mstari wa fomu ni muhtasari wa matokeo ya farasi. Mstari kama 21-1P3F husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mbio ya karibuni iko mwisho. Tarakimu ni nafasi aliyomaliza, na 0 maana yake ni nje ya 9 bora. Kistari hutenganisha msimu na msimu. Mkwaju (/) huonyesha pengo refu zaidi. F alianguka, U alimwangusha joki (mpanda farasi), B aliangushwa na mwenzake, P joki alimsimamisha kabla ya mwisho, R aligoma.

Herufi peke yake haitoshi. F ya kizuizi cha pili, farasi akiwa na nguvu, ni tatizo la kuruka. F ya kizuizi cha mwisho, akiwa hoi na amepitwa, ni tatizo la umbali au ardhi. B si kosa lake kabisa, lakini wapo farasi wanaorudi na hofu baada ya kuangushwa, kwa hiyo tazama video ya mbio iliyofuata. P ndiyo ya kuchunguza zaidi. Tafuta sababu iliyoripotiwa: kutokwa damu, kiatu kilichong'oka, au pumzi. Kama baada yake kuna alama ya upasuaji wa njia ya hewa (Uingereza hutangazwa tangu 2018), matokeo ya zamani yasimhukumu mpaka umwone akikimbia tena.

Hatua ya 3: Fuatilia njia aliyopitia

Wanaokuja King George hupitia mbio chache zinazojulikana: Charlie Hall ya Wetherby na Champion Chase ya Down Royal mapema Novemba, Betfair Chase ya Haydock, na John Durkan ya Punchestown. Mapumziko ya wiki 4 hadi 6 yanatosha. Aliyeshinda Haydock kwenye tope zito baada ya kukamuliwa hadi hatua ya mwisho mpunguzie alama. Mbio ya namna ile hula nguvu ambazo wiki 5 hazirudishi zote, na Kempton inamdai kitu tofauti kabisa.

Uzito hauna utata. Farasi wa miaka 5 na kuendelea hubeba ratili 164, kama kilo 74, na majike hupunguziwa ratili 7. Ndiyo maana viwango rasmi (alama za ubora anazopewa kila farasi) vinaweza kulinganishwa moja kwa moja: kiwango 1 ni ratili 1, na kwa maili 3 ratili 1 ni kama urefu wa farasi mmoja. Tofauti ya viwango 3 au 4 inafutika kwa kuruka vibaya mara moja. Tofauti ya 10 ichukulie kwa uzito.

Hatua ya 4: Hali ya ardhi

Ripoti hutumia ngazi hizi, kutoka mvua nyingi hadi ukavu: nzito, laini, nzuri kuelekea laini, nzuri, na ngumu. Kempton hupitisha maji vizuri, kwa hiyo Krismasi mara nyingi unakuta nzuri kuelekea laini wakati viwanja vingine vimelowa. Usikadirie kwa kutazama mvua ya London kwenye simu. Soma ripoti ya kiwanja chenyewe siku 3 kabla, jioni ya kuamkia mbio, na asubuhi. Kisha kwa kila farasi andika ushindi wake bora ulikuwa juu ya ardhi gani. Banbridge, mshindi wa 2024, ni farasi ambaye wanaomtunza humwondoa wanapoona ardhi imelowa kupita kiasi. Taarifa kama hiyo inakueleza mengi kuliko kiwango chake.

Baridi nayo ina uwezo wa kufuta siku nzima. King George ya Desemba 2010 iliahirishwa hadi Januari 2011, ikachukuliwa na Long Run. Ukitafuta kumbukumbu za nyuma usishangae kuona mbili katika mwaka 2011.

Hatua ya 5: Chora ramani ya mwendo

Tumia muda wako mwingi hapa.

Chukua mbio 4 za mwisho za kila farasi. Katika kila moja mpe alama ya alikokuwa nusu ya kwanza ya safari: 1 aliongoza, 2 alikuwa nyuma tu ya kiongozi, 3 katikati ya kundi, 4 mkiani. Piga wastani. Panga majina kwa mstari, wa wastani mdogo mbele. Kisha hesabu wangapi wako chini ya 1.5.

Akiwa mmoja tu, na joki wake anajua kupima kasi, mpandishe daraja hata kama soko halimtaki. Mwaka 2020 Frodon alitoka kwa odi ya 20/1 (dau la 1 huleta faida ya 20), joki wake Bryony Frost akamweka mbele, hakuna aliyemsumbua, na wakashinda. Frost akawa mwanamke wa kwanza kushinda King George.

Wakiwa wawili au zaidi, hesabu inageuka. Mwaka uliofuata Frodon alirudi kiwanja kilekile, umbali uleule, ila safari hii Minella Indo alikataa kumwachia uongozi. Wakavutana mapema mno na wote wawili wakaishiwa. Tornado Flyer, aliyekuwa akisubiri nyuma, akawapita na kushinda kwa 28/1. Kwenye ramani yako mwaka wa namna hii mtafute mwenye wastani wa 3 asiyekosea kuruka.

Mwaka 2023 ulifanana na huo. Hewick wa 12/1 alionekana ameachwa, mbele wakapigana, Shishkin akamwangusha joki wake kwenye kizuizi cha pili kutoka mwisho, na Hewick akafika juu yao karibu na utepe. Mwaka 2024 Il Est Francais alikimbia mbele peke yake kwa kasi kubwa sana, akaacha pengo refu, na Banbridge akamkamata mwishoni. Huo wa 2024 unahitaji tahadhari: kiongozi alikuwa mmoja, lakini hakupumzishwa. Kwa hiyo usihesabu vichwa tu. Tazama video uone kama kiongozi wako hukubali kupunguza kasi katikati, au huvuta hatamu tangu mwanzo.

Mtego mmoja: wastani wa 4 huficha farasi wanaobaki mkiani kwa sababu hawana kasi. Hao si wa kusubiri, wameachwa tu. Soma maelezo, uone kama joki alikuwa ametulia au alikuwa akimsukuma mapema.

Hatua ya 6: Bei

Odi za Uingereza za sehemu zigeuze ziwe za desimali ulizozoea kwenye mkeka: gawanya, ongeza 1. Kwa hiyo 5/2 ni 3.50. Gawanya 100 kwa desimali hiyo upate asilimia.

Chukua mbio ya farasi 8 yenye odi 3.00, 4.00, 6.00, 8.00, 11.00, 15.00, 21.00 na 34.00. Asilimia zake ni 33.3, 25, 16.7, 12.5, 9.1, 6.7, 4.8 na 2.9, jumla 111. Zile 11 za juu ni za kampuni ya kamari. Gawanya kila asilimia kwa 1.11 uone soko linafikiri nini hasa: anayepigiwa upatu ana 30, si 33. Sasa andika asilimia zako mwenyewe kutokana na ramani ya mwendo, zifike 100 kamili. Unayempa 15 wakati soko linampa 8 ndiye wa kuchukua. Farasi unayempenda ambaye soko linampenda zaidi yako, mwache apite.

Dau la ushindi na nafasi ni dau mbili sawa, moja kwamba atashinda na moja kwamba atamaliza kwenye nafasi zinazolipwa: farasi 5 hadi 7 hulipa nafasi 2 kwa robo ya odi, 8 na kuendelea hulipa nafasi 3 kwa moja ya tano. Ukiweka 100 mara mbili kwa 10/1 naye akawa wa tatu kati ya 8, unarudishiwa 300. Farasi mmoja akijiondoa wakabaki 7, wa tatu halipwi chochote. Mbio yenye farasi 8 kamili ichukulie kama yenye 7.

Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Angalia waliojiondoa kwanza, kisha rudi kwenye ramani. Akitoka kiongozi wa pili, yule aliyebaki anapata njia nyeupe na hesabu zako zote zinabadilika. Aliyejiondoa akiwa na odi ndogo huleta pia makato: akitoka wa 2/1, 30% ya faida yako inakatwa, dau lenyewe haliguswi. Uliyeweka dau wiki nyingi kabla kwa bei ya mapema unapoteza lote farasi wako asipokimbia, isipokuwa kampuni ilitangaza kurudisha.

King George kwa kawaida huanza kati ya saa nane na saa tisa mchana Uingereza, yaani kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni Afrika Mashariki. Kabla yake siku hiyo Kempton huwa na mbio za Daraja la 1 nyingine, ikiwemo Kauto Star Novices' Chase ya chipukizi, maili 3. Itazame hata kama huna dau. Ni umbali uleule, ardhi ileile. Ukiona waliokuwa mbele wanadumu hadi utepe, mwongezee kiongozi wako pointi kadhaa. Wakianza kuyumba kwenye mnyoosho, ziondoe pointi hizo na uzipeleke kwa mwenye wastani wa 3.