Namna ya kumfanya kikaragosi azungumze Kiswahili mbele ya watoto wa ekodimu

Siku ya kwanza niliyosimama na kikaragosi, yaani mwanasesere wa soksi anayevaliwa mkononi, mbele ya watoto, nilimpa kazi ya kuongoza sala. Ufundi wa kusema bila kuchezesha midomo nilikuwa nimeuokota kwenye video za Kiingereza, na video zilisema hivi: herufi b haitamkiki bila midomo kugusana, basi weka d mahali pake, hakuna atakayegundua. Kikaragosi akainamisha kichwa, akaanza: "Dada yetu..." Watoto wote wakageuka kumtazama dada wa kwaya aliyekuwa amekaa mlangoni. Sala ikaishia hapo.

Tangu hapo nimejua kwamba Kiswahili kina njia zake katika kazi hii, na hakuna video iliyonifundisha njia hizo. Nafundisha ekodimu, yaani shule ya Jumapili kama tunavyoiita sisi tuliotoka Kongo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Watoto wangu ni Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Wanyankole wachache wa vijiji vya jirani, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Ukiwa unafundisha Arua, Busia au katika makanisa ya Kiswahili ya Kampala, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Mshone

Hapa sitakaa sana. Chukua soksi ndefu ya mpira wa miguu, ya rangi ya kahawia. Kata duara refu kwenye boksi la sabuni, urefu wa sentimita 18 hivi na upana wa 8, likunje katikati, hicho ndicho kinywa. Pasua ncha ya soksi, ingiza boksi, gundisha, kisha funika kwa kitambaa chekundu upande wa ndani. Macho ni vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi nyeupe na kutiwa nukta nyeusi. Nywele ni uzi wa kufumia. Nguo ni kipande cha kitenge, na mafundi cherehani watakupa mabaki bure ukiomba vizuri. Jambo moja tu la kuangalia: nukta nyeusi za macho ziwe karibu na pua kidogo. Zikitazama nje kila moja upande wake, watoto wataona mtu asiyemtazama yeyote.

Kuhusu rangi nina msimamo. Vikaragosi vinavyoletwa na wageni mara nyingi vina ngozi ya waridi na nywele za njano. Vinachekesha, lakini mtoto wa Nakivale akiona kikaragosi mwenye sura ya dada yake aliyevaa kitenge, anamjibu kwa namna nyingine.

Hatua ya 2: Jina

Jina lichague kwa makini kuliko nguo, kwa sababu utalitamka mara mia. Mimi wangu anaitwa Sikujua. Kongo ya mashariki wapo wanawake wengi wenye jina hilo, kwa hiyo watoto hawalishangai. Litamke polepole mbele ya kioo: si-ku-ju-a. Midomo haikugusana hata mara moja. Faida ya pili niliiona baadaye: msichana anayeitwa Sikujua ana ruhusa ya kuuliza maswali yote ambayo watoto wanaona haya kuuliza. Kasuku nalo ni jina zuri kwa ndege. Usimwite Petro wala Mapendo.

Hatua ya 3: Mkono

Kabla ya midomo yako, fundisha mkono wako. Vidole vinne juu, dole gumba chini. Kosa la kila anayeanza ni kuinua vidole vinne, na kichwa chote kinarukia nyuma kama kuku anayekunywa maji. Teremsha dole gumba. Taya la chini ndilo linalofunguka, kama kwako wewe.

Kiswahili hapa kinatupendelea, maana karibu kila silabi yake inaishia kwa irabu. Fungua kinywa kwenye kila irabu: Za-ka-yo, mara tatu, a-ka-shu-ka, mara nne. Angalia tu ile m inayosimama peke yake. "Mtoto" ni silabi tatu, lakini kwenye m kinywa kinabaki kimefungwa, kisha kinafunguka mara mbili. Zoea kwa kuimba nyimbo za kwaya huku mkono ukifuata. Nilifanya hivyo nikichota maji kisimani, mkono mmoja kwenye pampu na mwingine ukiimba. Majirani walizoea.

Hatua ya 4: Midomo

Sauti hairushwi. Watu hudhani kuna namna ya kuitupa ikatokee kwenye soksi, hakuna. Sikio la mtu hufuata jicho lake. Nenda kibanda cha video chochote cha Uganda: spika iko kwenye kona, VJ anafasiri sinema yote kwa Kiluganda kwa sauti yake moja, na bado mtoto anaapa kwamba Mchina aliye kwenye skrini ndiye aliyesema. Kazi yako ni kumpa jicho kitu cha kutazama, yaani kinywa kinachosogea, na kukituliza kile kingine.

Kaa mbele ya kioo. Achanisha midomo kidogo kama mtu anayetaka kutabasamu, meno yakaribiane bila kuumana. Sema a, e, i. Rahisi. Sema o na u: midomo inataka kuwa mviringo. Ikatalie, rudisha ulimi nyuma badala yake. Kisha zipitie konsonanti. K, g, t, d, n, s, z, l, r, j, y, h, ch, sh, zote ni kazi ya ulimi na koo, na hakuna anayeziona. Adui ni sita: b, p, m, f, v, w.

F na v zina dawa. Kwa f sema th ya "thamani", kwa v sema dh ya "dhahabu", ulimi ukigusa nyuma ya meno ya juu. Sisi wa Kongo tunaosema "zambi" badala ya "dhambi" itabidi tujifunze kwanza kutamka kama watu wa pwani. W ni u ya haraka. Hizo tatu, mtoto aliyekaa kwenye mkeka hagundui.

B, p na m ndizo zenye fitina. Mafundi hubadilisha b kwa d, p kwa t, m kwa n, huku wakiiwaza ile herufi ya kweli kichwani. Katika Kiswahili ubadilishaji huo unazaa maneno mengine kabisa. Baba anakuwa dada. Mimi inakuwa nini. Paka anakuwa taka. Na Mungu, nisamehewe, anakuwa nungu, na watoto wanaomjua nungunungu hawatakuachia hilo mpaka Jumapili ijayo.

Unaweza kufanya mazoezi miezi sita hadi m yako isikike kama m. Wapo wanaofika. Mimi mwalimu wa kujitolea mwenye shamba na watoto wanne, nilichagua njia ya mkato, nayo ndiyo ninayotaka uondoke nayo.

Hatua ya 5: Andika maneno yasiyo na midomo

Maneno yote yenye b, p na m, na ukiweza hata yenye f, v na w, mpe mwalimu, yaani wewe mwenyewe kwa sauti yako. Kikaragosi mwandikie yale tu ambayo ulimi unayaweza. Kiswahili kina visawe vya kutosha. Pesa ataiita hela, kama Watanzania. Sawa atasema haya. Hapana atasema la, au sitaki. Kwa nini itakuwa kisa nini. Mtoto ni kitoto. Kwaheri ni tutaonana. Mungu ni Yeye aliye juu, au bora zaidi, aachiwe mwalimu amtaje.

Ndiyo maana nachagua pia visa kwa majina. Yesu, ashukuriwe, hana herufi ya midomo. Zakayo, Yona, Danieli, Daudi na Goliathi, Hana, Eliya, Gideoni: hao wote Sikujua anawaweza. Musa mbele ya Farao nilimwachia mwenzangu anayehubiri kwa picha.

Huu hapa mfano wangu wa Luka 19. Soma mistari ya Sikujua mbele ya kioo. Hutakuta hata herufi moja kati ya zile sita.

Mwalimu: Leo tunaye mtoza ushuru mmoja wa Yeriko, mtu mfupi sana.
Sikujua: Hata kunishinda?
Mwalimu: Wewe una shingo ndefu, nyamaza. Alitaka kumwona Yesu, lakini umati ulimziba.
Sikujua: Sasa akaenda kulia?
Mwalimu: Hapana. Alipanda mti.
Sikujua: Tajiri? Na kanzu yake yote? Juu?
Mwalimu: Juu ya mkuyu! Yesu akafika pale chini, akamwita kwa jina, akamwambia ashuke, leo atakaa nyumbani kwake.
Sikujua: Yesu akale kule? Hela zote ni za jirani zake!

Hapo nyamaza. Geuza kichwa cha Sikujua awatazame watoto, kimya, kwa muda wa pumzi mbili. Watoto wataanza kubishana wenyewe kama Yesu alifanya vizuri kula kwa mwizi. Ubishi huo ndio somo lenyewe. Wewe unalimalizia kwa kusoma Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne.

Umeona kwamba Sikujua hahubiri. Anauliza, anakosea, anashangaa, na mwalimu au watoto ndio wanaomjibu. Pia haombi, haokoki, wala habatizwi, maana ni soksi. Nimeona vikaragosi vikitoa ushuhuda wa wokovu na watu wakipiga makofi. Mtoto wa miaka minne hachanganui. Atakwenda nyumbani akijua kwamba kuokoka ni mchezo wa soksi. Na sauti ya Yesu nasoma kwenye Biblia mimi mwenyewe, simpi kikaragosi.

Hatua ya 6: Waone wazee kabla ya watoto

Usiruke hatua hii. Katika vijiji vyetu, kitu chenye sura ya mtu kinachotoa sauti hakikumbushi michezo kwanza, kinakumbusha mganga. Mzee mmoja aliniuliza kama hili si lile pepo la Endori ambalo Sauli aliliendea usiku, 1 Samweli 28. Nilidhani ni swali la ushamba hadi nilipojifunza kwamba tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Agano la Kale inamwita yule mwanamke wa Endori aliyeendewa na Sauli kwa neno lenye maana ya "msemaji wa tumboni", na jina la Kilatini la ufundi wetu maana yake ni hiyohiyo. Mzee alikuwa na hoja.

Jibu langu halikuwa maneno. Nilimpa soksi aivae. Akaingiza mkono, akafungua kinywa mara mbili, akacheka, akaenda kumwonyesha mke wake. Fanya hivyo kwa mchungaji, mama mchungaji na wazee wote. Na kwa watoto, mwisho wa kipindi toa mkono nje waone kwamba ndani kuna vidole vyako. Usiogope kuharibu uhondo. Ukimvaa tena, dakika hiyohiyo watamsalimu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Dakika saba zinatosha. Zaidi ya hapo mkono unalegea na Sikujua anaanza kuzama kama mtu anayesinzia. Mbebe ndani ya mfuko, asionekane amelala mezani kama maiti kabla ya zamu yake. Wewe unaposema, yeye akutazame. Yeye anaposema, wewe mtazame, maana watoto watatazama unakotazama.

Watoto 40 wanaweza kukufuatilia ukiwa umesimama na kikaragosi mkononi. Wakifika 80 chini ya turubai, na mvua ikigonga, achana na ufundi wa midomo. Funga kitenge cha yadi tatu kwenye kamba kati ya nguzo mbili, kiwe juu kidogo ya kichwa chako ukiwa umepiga magoti, jifiche nyuma yake, na useme kwa sauti kubwa hata b na m. Hakuna aibu.

Wadogo kabisa wakilia, usiwasogezee. Rudi nyuma, mfanye Sikujua ajifiche kwapani kwako kwa woga. Mtoto akiona kikaragosi ndiye anayemwogopa yeye, machozi yanakauka.

Hatua ya 8: Mtoto akimnong'oneza kikaragosi

Itatokea. Mtoto asiyesema na mtu atabaki nyuma ya wenzake na kumwambia Sikujua sikioni jambo ambalo hajamwambia mama yake: kwamba anapigwa, au kwamba kuna mtu mzima anayemgusa. Usimfanye Sikujua aahidi kutunza siri. Mvue taratibu, mwambie mtoto kwa sauti yako mwenyewe kwamba amefanya vizuri kusema, na kwamba utatafuta wa kusaidia. Usimhoji mbele ya wengine. Namba ya bure ya kuwasaidia watoto Uganda ni 116, iitwayo Sauti, nayo nimeishonea ndani ya gauni la Sikujua ili nisihangaike kuitafuta.

Hatua ya 9: Kumtunza

Mgeuze ndani nje baada ya kila kipindi, jasho la mkono likauke juani. Boksi la kinywa litalainika msimu wa mvua, libadilishe kila miezi mitatu au minne. Mweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Sikujua wa kwanza nilimning'iniza msumarini, na panya walikula nywele zote hadi kwenye masikio, nami nikaligundua hilo Jumapili asubuhi. Siku hiyo alivaa kilemba.